Elimu ya Kupima Pembe: Kutoka Daftari la Mtoto Hadi Kibla



Katika mkebe wa vifaa vya hisabati anaokwenda nao mtoto shuleni mna kitu kimoja ambacho wazazi wengi hukitazama bila ya kukijua jina wala kazi. Rula waijua, bikari waifahamu japo kwa kuchomwa na ncha yake. Lakini kile kipande cha plastiki kiangavu chenye umbo la nusu duara, kilichoandikwa tarakimu safu mbili, aghalabu hukaa mkebeni mpaka kikavunjika, na hakuna aliyeona hasara. Kitu hicho ni kipimapembe.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya nyumba za Waislamu wa Mafinga na jirani zao wa Nyanda za Juu Kusini, ili baba na mama wapate kukaa na mtoto wao na kukitumia kifaa hicho kwa yakini. Twakusudia pia kuonyesha kwamba kifaa hicho cha bei ndogo chaweza kujibu swali ambalo kila nyumba ya Kiislamu haina budi kulijibu: tunaposimama kusali hapa Mafinga, tuelekee wapi hasa?

Pembe ni nini?

Pembe ni kiasi cha mgeuko. Chukua mistari miwili inayokutana mahali pamoja. Kiasi utakachougeuza mstari wa kwanza hata ulale juu ya wa pili, hicho ndicho pembe. Mlango wa chumba watosha kuwa mwalimu. Ukiwa umefungwa, hakuna pembe. Ukiusukuma kidogo, imepatikana pembe kali. Ukisimama kama ilivyo kona ya kitabu, hiyo ni pembe mraba. Ukizidi kuufungua, ni pembe butu. Na ukifunguka hata ukalala juu ya ukuta, umekwisha kwenda nusu ya mzunguko.

Watu wa kale wa Babeli, waliokuwa wakihesabu kwa sitini sitini, ndio waliotuachia desturi ya kuugawa mzunguko mzima mafungu 360. Kila fungu ni digrii moja, na katika vitabu vyetu vya shule digrii hutajwa pia kwa jina la nyuzi. Basi pembe mraba ni digrii 90, na nusu ya mzunguko ni digrii 180.

Mtoto asiyeelewa maneno haya na aitazame saa ya ukutani. Duara yake ina tarakimu 12, na 360 ukigawa kwa 12 wapata 30. Kwa hiyo kutoka tarakimu moja hadi inayofuata ni digrii 30. Saa tatu kamili mishale miwili hufanya pembe mraba, na saa tisa kamili ni vivyo hivyo. Saa kumi na mbili kamili mishale hufanya mstari mmoja mnyoofu, digrii 180. Zikumbuke, ndugu msomaji, hizo digrii 30 za tarakimu mbili zilizo jirani, kwani tutazirudia mbele kwa jambo kubwa zaidi.

Saa hiyo hiyo hufundisha jambo la pili, nalo ndilo linalowakosesha watoto wengi. Saa kubwa ya msikitini ina mishale mirefu, na saa ya mkononi ina mishale mifupi kama punje za mchele. Lakini ikifika saa tatu kamili, zote mbili zina digrii 90. Urefu wa mistari hauzidishi pembe wala hauipunguzi. Mtoto anayedhani kuwa pembe yenye mistari mirefu ni kubwa kuliko yenye mistari mifupi hajakosa akili. Amechanganya urefu na mgeuko tu, na saa mbili zatosha kumtoa katika kosa hilo.

Namna ya kupima, na makosa ya kuepukwa

Kipimapembe kina mstari mnyoofu chini, na katikati ya mstari huo mna alama ndogo. Alama hiyo huwekwa juu ya ncha ya pembe, pale mistari miwili inapokutana. Kisha kifaa huzungushwa taratibu mpaka mstari wa sifuri ulale sawa juu ya mmoja wa mistari ya pembe. Hapo ndipo hutazamwa mstari wa pili unapita kwenye tarakimu gani.

Kosa la kwanza ni kuweka ukingo wa plastiki mahali pa mstari wa sifuri. Katika vipimapembe vingi mstari huo haupo ukingoni, bali umepanda juu kidogo; anayeweka ukingo amekosea kabla ya kusoma. Kosa la pili ni kupima pembe ambayo mistari yake ni mifupi, haifiki kwenye tarakimu, na mtoto akakisia. Dawa yake ni kuchukua rula na kuirefusha mistari. Na kwa kuwa urefu haugeuzi pembe, hapana kilichoharibika.

Kosa la tatu ndilo kubwa kuliko yote. Kipimapembe kina safu mbili za tarakimu: moja huanza sifuri kutoka kulia, na nyingine huanza sifuri kutoka kushoto. Mtoto huweka kifaa vizuri, hulinganisha mistari vizuri, kisha husoma safu isiyokuwa yake, akaandika 130 mahali pa 50. Tarakimu mbili zinazokutana mahali pamoja daima jumla yake ni 180, ndiyo maana anayekosea hukosea kwa namna hiyo hiyo kila siku.

Kwa kosa hili iko kinga ambayo hata mzazi asiyewahi kukaa darasani aweza kuisimamia. Kabla mtoto hajakigusa kifaa, na aulizwe swali moja tu: je, pembe hii ni ndogo kuliko kona ya kitabu, au ni kubwa? Akisema ni ndogo, basi jibu haliwezi kuzidi 90. Akileta 130, atajua mwenyewe kuwa amesoma safu ya jirani. Mama anayepika huku mtoto akiandika aweza kuuliza swali hilo kutoka jikoni. Na hili la kukisia kwanza na kupima baadaye ni adabu njema katika kila hesabu, kwani humfanya mtu awe msimamizi wa kifaa chake, asiwe mtumwa wake.

Wako wazazi wanaosema upesi kuwa binti yao hana kichwa cha hesabu. Twawaomba wasiseme hivyo kabla hawajakaa naye nusu saa na mkebe wake. Mara nyingi kinachomkosesha si kichwa. Ni ukingo wa plastiki na safu ya tarakimu.

Mji wa mbao na pembe za paa

Watu wa Mafinga hawana haja ya kwenda mbali kutafuta faida ya elimu hii. Mji huu, makao makuu ya Wilaya ya Mufindi, uko kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia, yapata kilomita 80 kutoka Iringa, na umezungukwa na miti ya kupandwa. Msitu wa Sao Hill ndio mkubwa kupita mashamba yote ya miti ya Serikali katika Tanzania. Misindano na mikaratusi hupasuliwa mbao, na mbao hizo husafirishwa kujenga nyumba za watu wa mbali. Paa la nyumba ni kazi ya pembe tangu mwanzo hadi mwisho.

Chukua nyumba yenye upana wa mita 6. Kutoka ukutani hadi katikati ni mita 3. Fundi akiliinua paa kwa pembe ya digrii 30, kilele chake kitasimama mita 1 na sentimita 73 juu ya ukuta. Akiliinua kwa digrii 25, kitasimama mita 1 na sentimita 40. Digrii tano tu zimeondoa sentimita 33, na katika nchi ya mvua nyingi kama yetu, mteremko wa bati si jambo la kupuuzwa.

Tazama sasa kosa la digrii moja. Katika daftari la mtoto, kwenye kipimapembe cha kawaida, nafasi ya digrii moja haifiki milimita moja. Ni upana wa mstari wa penseli butu. Lakini ubao wa mita 3 ukikatwa kwa kosa hilo hilo, ncha yake ya pili itakwenda kando sentimita 5, na kenchi haitakutana na mwenzake. Kosa halikuzidi, umbali ndio uliozidi. Hii ndiyo siri ya pembe: karibu na ncha kosa halionekani, na kadiri mtu aendavyo mbali ndivyo linavyofunuka. Kanuni hiyo tutaihitaji tutakapofika kwenye kibla.

Waliotutangulia katika elimu hii

Isidhaniwe kuwa kupima pembe ni elimu ngeni kwa Waislamu. Abu Rayhan al-Biruni, aliyezaliwa Khwarazm mwaka 973, aliandika kitabu kizima juu ya namna ya kujua mahali pa miji juu ya uso wa dunia, akakikamilisha mwaka 1025. Mojawapo ya makusudio yake ilikuwa kuupatia mji wa Ghazna kibla chake sawasawa. Mwanachuoni huyo huyo alipanda mlima wa Nandana, katika nchi ya Panjab, akapima pembe ndogo ambayo upeo wa macho hushuka chini ya usawa wa jicho, na kwa pembe hiyo akahesabu ukubwa wa dunia.

Huko Samarkand, katika karne ya 15, Sultani Ulugh Beg alijenga mahali pa kuchunguzia nyota. Chombo chake kikubwa cha kupimia kilikuwa upinde wa duara wenye nusu kipenyo cha mita zipatazo 40. Katika upinde huo digrii moja ilichukua nafasi ya sentimita 70, na kwa hiyo sehemu ndogo za digrii ziliweza kusomwa kwa jicho. Mtoto wetu akilalamika kuwa mistari ya kipimapembe chake imebanana mno, na ajue kuwa malalamiko hayo ndiyo yaliyowafanya wakubwa wajenge chombo cha ukubwa ule.

Na katika bahari yetu wenyewe, manahodha waliokuja na pepo za kaskazi na kurudi na za kusi walipima kimo cha nyota kwa kamali, yaani kibao kidogo chenye kamba ya mafundo. Kipimo chao kiliitwa isba, maana yake kidole, nacho ni zaidi kidogo ya digrii moja na nusu. Ahmad bin Majid, nahodha mashuhuri wa karne ya 15 kutoka Julfar, upande ambao leo ni Ras al-Khaimah, alieleza katika maandishi yake hata njia ya pwani ya Afrika Mashariki kwa vipimo hivyo. Mpaka leo mtu aweza kupima kwa mkono wake: ukiunyosha mbele na kukunja ngumi, upana wa ngumi mbele ya jicho ni kama digrii 10, na upana wa kidole cha mwisho ni kama digrii moja.

Kibla cha Mafinga: shahidi wa kwanza ni ramani

Mwenyezi Mungu ametuamuru katika Surat Al-Baqara, aya ya 144, tuzielekeze nyuso zetu upande wa Msikiti Mtakatifu popote tulipo. Kuelekea ni jambo la pembe, na pembe hupimwa.

Watu wengi wa nchi yetu hujua kuwa kibla ni kaskazini. Kwa mtu wa Dar es Salaam neno hilo ni karibu kabisa na ukweli, kwani kutoka huko Makka iko kaskazini na kuelekea mashariki kwa digrii moja tu. Lakini nchi ni pana. Anayekwenda bara kuelekea magharibi huiacha Makka upande wake wa kulia zaidi na zaidi. Iringa pembe hiyo ni karibu digrii 8. Mafinga ni kati ya 8 na 9. Mbeya ni digrii 11 na nusu. Na Kigoma hufika 20. Basi mtu aliyehamia Mafinga kutoka pwani, akasali kwa kibla alichokizoea, amekosea zaidi ya digrii 7.

Haya si ya kuaminiwa kwa kuambiwa tu. Mwambie mtoto alete atlasi ya shule, afungue ramani iliyo na Afrika Mashariki na Bara Arabu pamoja. Atie nukta mahali pa Mafinga, kusini ya Iringa, karibu na mstari wa longitudo 35. Atie nukta ya pili Makka, karibu na longitudo 40. Aziunganishe kwa rula. Kisha kutoka Mafinga achore mstari wa kwenda juu moja kwa moja, sambamba na mistari ya longitudo. Huo ni kaskazini. Sasa na aweke alama ya kipimapembe juu ya Mafinga, sifuri kwenye mstari wa kaskazini, na asome. Akiwa mwangalifu atapata karibu digrii 8 na nusu upande wa kulia, yaani mashariki. Kwa ngumi ya mkono ulionyoshwa, ni upungufu kidogo wa ngumi moja kulia ya kaskazini.

Dunia ni mviringo na karatasi ni bapa, kwa hiyo njia hii ya ramani haifai kila mahali. Muislamu aliyeko Marekani akiitumia atapotea mbali. Lakini sisi tuko karibu kusini kabisa ya Makka, na kwa walio hivyo ramani na dunia hukubaliana kwa kiasi kinachotosha.

Shahidi wa pili: kivuli cha kijiti

Imebaki kujua kaskazini yenyewe iko wapi katika ua wako. Wengi hutumia dira, au dira iliyomo katika simu ya mkononi. Vyombo hivyo vyafaa, lakini vina mambo mawili. La kwanza, sindano ya dira hufuata sumaku ya dunia, ambayo haielekei kaskazini halisi bali huikosa kidogo. La pili, na hili ni baya zaidi, chuma kilicho karibu huipoteza: nondo katika ukuta, bati juu ya kichwa, gari lililosimama jirani. Mtu anayesimama chini ya paa la mabati na simu yake, akahukumu kibla kwa alichokiona, ametoa hukumu kwa shahidi asiyeaminika.

Njia ya wanazuoni wa kale haina chuma ndani yake. Tafuta mahali palipo tambarare na penye jua mchana kutwa. Simika kijiti kilichonyooka sawasawa, ukikihakikisha kwa kamba yenye jiwe kama timazi ya fundi. Zungusha duara kukizunguka kijiti kwa kamba iliyofungwa chini yake. Asubuhi kivuli ni kirefu, hupita nje ya duara. Kadiri jua lipandavyo hupungua. Ncha yake inapoigusa duara, tia alama. Adhuhuri ikipita kivuli huanza kurefuka tena. Ncha inapoigusa duara mara ya pili kutoka ndani, tia alama nyingine. Unganisha alama mbili: mstari huo unakwenda magharibi na mashariki. Sasa chukua kipimapembe, upime digrii 90 kutoka mstari huo, nawe umeipata kaskazini halisi. Wazee wa elimu waliiita njia hii duara ya Kihindi.

Kutoka mstari wa kaskazini hesabu digrii 8 na nusu kuelekea mashariki, uchore mstari wa tatu. Hicho ni kibla cha Mafinga, kimechorwa kwa mikono ya watoto wako katika udongo wa ua wako. Na kwa kuwa kipimapembe cha shule ni kidogo, urefushe mstari kwa kamba iliyokazwa hata mita mbili au tatu. Tumekwisha kuona katika ubao wa paa jinsi kosa linavyojificha karibu na ncha.

Shahidi wa tatu: jua juu ya Alkaaba

Mara mbili kila mwaka jua husimama juu ya Alkaaba kabisa, hata kitu kilichosimama wima huko hakina kivuli. Mara ya kwanza ni tarehe 27 au 28 Mei, na mara ya pili ni tarehe 15 au 16 Julai. Saa yake kwa hesabu ya Makka ni saa sita na dakika 18 za mchana katika Mei, na saa sita na dakika 27 katika Julai. Na kwa neema ya Mungu saa ya Tanzania na ya Makka ni moja, hatuna haja ya kuongeza wala kupunguza.

Katika dakika hiyo, kila aliyelipata jua ameipata Makka, kwani liko juu ya kichwa chake. Wala asilitazame kwa macho, maana hilo ni hatari kubwa. Akitazame kivuli cha kijiti: kutoka ncha ya kivuli kurudi kwenye mguu wa kijiti, hapo ndipo kibla. Miezi hiyo mvua za Mafinga zimekwisha, na ukungu wa asubuhi mara nyingi hukwisha inyanyuka kabla ya adhuhuri. Saa na irekebishwe kwa redio kabla, kwa sababu wakati huo kivuli hugeuka upesi. Dakika mbili za kuchelewa ni kama digrii moja ya kukosea.

Mstari ule uliochorwa kwa kipimapembe na kivuli hiki vikilala pamoja, hapana shaka iliyobaki. Vikitengana, na irudiwe kazi tangu mwanzo, ipatikane sababu.

Na dakika hiyo hiyo ina zawadi ya pili. Tumia fimbo iliyosimama mita moja juu ya ardhi, na upime urefu wa kivuli chake. Katika Mafinga kitakuwa sentimita 58 hivi. Mtoto achore daftarini fimbo ya sentimita 10, na kivuli cha sentimita 5 na milimita 8 kwa pembe mraba, kisha aunganishe ncha mbili. Apime pembe iliyo juu, kwenye kichwa cha fimbo. Atakuta digrii 30.

Maana yake nini? Makka wakati huo fimbo haina kivuli, na pembe hiyo huko ni sifuri. Tofauti ya digrii 30 imetokana na mviringo wa dunia peke yake. Basi kutoka Mafinga hadi Makka ni digrii 30 za mzunguko wa dunia, yaani sehemu moja katika 12, kama ilivyo kutoka tarakimu moja ya saa hadi inayofuata. Mzunguko wa dunia ni kilomita 40,000. Ukigawa kwa 12 wapata zaidi kidogo ya 3,300. Mtoto wa Mafinga ameupima umbali wa kwenda Makka kwa fimbo na kipimapembe, bila ya kutoka uani. Eratosthenes wa Iskandaria, aliyeishi zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, aliupima ukubwa wa dunia kwa fikra iyo hiyo.

Kuihamisha pembe ndani ya nyumba

Viwanja vya mji hupimwa kwa kufuata barabara, wala havifuati kibla. Kwa hiyo kuta za nyumba yako huenda zikapishana na kibla kwa pembe yoyote, na msala uliotandikwa sambamba na ukuta kwa ajili ya kupendeza macho waweza kuwa umepotoka sana.

Kazi ni ndogo. Urefushe kwa kamba mstari wa kibla uliochora nje mpaka ufike kwenye ukuta wa nyumba, na upime pembe iliyopo baina yao. Tuseme umepata digrii 25. Ingia chumbani, uende kwenye upande wa ndani wa ukuta ule ule, uchore sakafuni mstari unaofanya nao digrii 25, ukikumbuka kuugeuzia upande ule ule ulivyokuwa nje. Tia alama ndogo ya rangi. Tangu siku hiyo mgeni akiingia nyumbani kwako na kuuliza kibla, hata mtoto mdogo atamwonyesha, na ataweza kumweleza kimepatikanaje.

Adabu ya mwenye kipimo

Tulisema kosa hukua kwa umbali. Digrii moja katika ubao wa paa ni sentimita 5. Kutoka Mafinga hadi Makka, digrii moja ni kilomita 55 hivi. Hukumu ya tofauti ndogo kama hizi ni kazi ya wanazuoni wa fikihi, nao wameizungumza kwa urefu: wako waliosema kuwa kwa aliye mbali upande watosha, na wako waliosema ni kuikusudia Alkaaba yenyewe kwa dhana iliyo karibu na yakini. Atakaye hukumu na amwendee sheikh wake. Kipimapembe hutoa pembe, hakitoi fatwa.

Kwa hiyo twamwusia kijana atakayeyafanya haya yote na kupata jibu. Asiende msikitini na kipimapembe kama mtu aendaye na fimbo. Wazee waliojenga msikiti walijitahidi kwa vyombo walivyokuwa navyo, na sala zao haziko mikononi mwetu kuhesabiwa. Akiona tofauti, amwendee imamu faraghani, amweleze alivyopima, amwombe wapime pamoja siku ya Mei au ya Julai, mbele ya jua ambalo halina upande katika ugomvi wa watu. Tofauti ikithibiti, safu zaweza kugeuzwa kidogo kwa mashauri bila ya kuvunja ukuta wala udugu. Na ikiwa msikiti ungali kiwanja kitupu, huo ndio wakati bora wa kupima, kabla ya jiwe la kwanza kulazwa.

Ama kwa wazazi, neno letu ni fupi. Jioni moja fungueni ule mkebe. Mwulizeni mtoto kitu hiki ni nini, na kama hajui, anzeni na mlango, kisha saa, kisha kona ya kitabu. Jua la Mei halina ada ya shule, na kijiti hakinunuliwi. Mtoto aliyekipima kibla cha nyumba yao kwa mkono wake hatasema tena kuwa hesabu ni ya watu wengine, na kila asimamapo kusali atajua kwa nini amesimama hivyo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, na azielekeze nyoyo zetu kama tunavyozielekeza nyuso zetu. Amin.